Soketi ya Gari Ikigoma Kuchaji: Pima Kabla Hujanunua

Katikati ya Dar es Salaam spea haijawahi kuwa tatizo. Egesha gari jirani na Kariakoo, sema soketi ya kuchajia imekufa, na winga atakuwa ameshakuletea soketi mpya, chaja mpya na pakiti ya fyuzi kabla hujamaliza kueleza. Kinachokosekana ni kipimo. Mwongozo huu una hoja moja: soketi ya gari, ile iliyokuwa ya kuwashia sigara, hutengenezwa kwa kupima, ukianzia na kitu cha bei ndogo, na usinunue chochote mpaka kipimo kimekutajia mkosaji. Anayeanzia dukani hununua chaja, kisha fyuzi, kisha soketi yenyewe, halafu anabaki na gari lile lile lisilochaji, kwa sababu waya wa ethi uliolegea nyuma ya dashibodi hauuzwi kwenye duka lolote.

Kwa dereva wa teksi mtandao jambo hili ni riziki. Simu ndiyo ramani, ndiyo inayopokea abiria, na ndiyo inayopokea malipo. Ikizima kwenye foleni ya Msimbazi, kazi imesimama. Lakini hata kwa asiyetafuta abiria ipo sababu nzito zaidi ya chaji. Njia ya umeme inayolisha soketi imejengwa kubeba ampea 10 hadi 15, ambazo zikipita kwenye muungo mbovu zinatosha kabisa kuyeyusha ganda la waya mahali usipopaona, nyuma ya plastiki, karibu na zulia. Soketi isiyofanya kazi inaweza kuwa kero tu. Inaweza pia kuwa fyuzi imefanya kazi yake na kukata umeme wakati waya umeanza kupata joto, na katika hali hiyo kulazimisha umeme urudi bila kujua kwa nini ulikatwa ni kuchezea gari zima.

Njia ya umeme ilivyo

Umeme hutoka kwenye betri, hupita fyuzi kubwa ya chini ya boneti, hufika kwenye swichi ya ufunguo, na ufunguo ukiwa ACC huingia kwenye kisanduku cha fyuzi cha ndani, mara nyingi kwa kupitia rilei. Hapo hupita fyuzi ya soketi na kufuata waya hadi kwenye pini ndogo iliyo katikati ya kitako cha soketi. Pini hiyo ni chanya. Ukuta wa chuma unaoizunguka ni hasi. Chaja ukiichomeka inaziunganisha hizo mbili, na umeme unarudi kupitia ukuta, waya wa ethi, bodi ya gari, hadi hasi ya betri. Watu wengi huifikiria safari ya kwenda tu. Safari ya kurudi ndiyo inayosumbua zaidi kwenye magari yaliyozeeka katika hewa ya pwani, maana chumvi na unyevu hula mahali pale ambapo waya umefungwa kwa boliti kwenye bati. Waya wenyewe ukiutazama ni mzima. Kutu iko chini ya kichwa cha boliti.

Ukiishika njia hiyo kichwani, dalili zinaanza kusema kabla hujafungua hata skrubu moja. Angalia nini kingine kimekufa. Kwenye Toyota nyingi za zamani fyuzi moja hulisha soketi pamoja na redio, saa na vioo vya pembeni vya umeme. Vyote vikizima kwa mpigo, soketi haina hatia, tafuta fyuzi hiyo au rilei ya ACC. Baadhi ya magari ya gia otomatiki hutumia umeme huohuo wa ACC kuifungua gia itoke P, kwa hiyo gia inayogoma siku ileile soketi ilipokufa si bahati mbaya ya pili. Soketi peke yake ikizima huku mengine yakiendelea, tatizo liko kati ya fyuzi yake na ethi yake. Na ikichaji kwa kukatakata, hasa kwenye matuta, fyuzi ni nzima na unatafuta kitu kilicholegea. Kwa uchunguzi huu usiogharimu hata shilingi, nusu ya njia imeshaondolewa tuhuma.

Usisahau chaja. Ijaribu kwenye gari jingine, na chaja ya gari jingine ijaribu kwako. Ila usiharakishe kuihukumu: chaja zinazouzwa kwa rundo Mtaa wa Aggrey hazifanani urefu wala unene, na zipo ambazo ncha yake haiifikii vizuri pini ya soketi iliyochoka, ingawa kwenye soketi ya jirani zinachaji bila shida. Ukiizungusha kidogo ikawaka, au ukiikandamiza ikawaka, chaja na soketi hazishikani, na ujue ni ipi kabla ya kununua yoyote. Chaja nyingi pia zina fyuzi ndogo ya kioo ndani ya ncha yao. Fungua kofia ya mbele uione. Kofia hiyo ikilegea huanguka ndani ya soketi na kuleta balaa tutakalolifikia.

> KABLA HUJASHIKA CHOCHOTE
> - Zima gari, toa ufunguo. Fyuzi haichomolewi wala kuchomekwa ufunguo ukiwa ON.
> - Usiingize bisibisi, kisu wala kidole ndani ya soketi yenye umeme.
> - Nyaya na plagi za rangi ya njano chini ya dashibodi na usukani ni za mifuko ya hewa. Usizitoboe kwa testa, usizichomoe.
> - Kama lazima ufungue dashibodi, toa kwanza waya hasi wa betri kwa spana namba 10, kisha subiri angalau sekunde 90 ndipo uendelee.
> - Harufu ya plastiki iliyoungua au moshi: toa waya wa betri, usijaribu tena, ita fundi.

Fyuzi, na ubishi wake

Magari mengi yanayoingia kupitia bandari yetu yametokea Japani na kitabu chake kimeandikwa Kijapani, kama bado kimo. Usikate tamaa. Kwenye Toyota nyingi ndogo kisanduku cha fyuzi kiko chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na goti, au nyuma ya kasha la mbele ya abiria. Kwenye mfuniko tafuta herufi CIG, P/POINT au PWR OUTLET, au mchoro wa sigara. Hata mfuniko wa Kijapani mara nyingi hubaki na vifupisho hivyo. Kama mfuniko ulishapotea, tumia rangi na namba kupunguza watuhumiwa.

> RANGI ZA FYUZI ZA KAWAIDA
> Kahawia iliyoiva: 7.5 | Nyekundu: 10 | Bluu: 15 | Njano: 20 | Nyeupe inayopenya mwanga: 25 | Kijani: 30

Fyuzi ya soketi huwa bluu mara nyingi. Ichomoe kwa kile kibanio kidogo cha plastiki kinachokaa kisandukuni, iinue kwenye mwanga, uangalie kijiti cha chuma kilichopinda katikati. Usiishie kusema imekatika, tazama imekatikaje. Kijiti kilichoachia pengo dogo safi, plastiki ikiwa bado angavu, kinaonyesha kilibebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake kwa muda. Plastiki iliyojaa weusi na chembe za chuma zilizorukia ukutani ni alama ya shoti: chanya iligusa hasi moja kwa moja. Linganisha na ulichokuwa umechomeka. Chaja ya simu ya wati 10 huvuta chini ya ampea moja, na hata ya haraka ya wati 45 haizidi kama ampea nne. Fyuzi ya 15 haiwezi kukatika kwa ajili ya simu. Ikiwa umeme ulikatika simu pekee ikiwa imechomekwa, kuna shoti, iwe ndani ya chaja, ndani ya soketi au kwenye waya. Pampu ya kujazia upepo, inayoweza kuvuta ampea 10 na zaidi, ina hadithi nyingine. Inveta ya wati 150 ndiyo kabisa: 150 gawa kwa 12 ni 12.5, ongeza kinachopotea ndani yake, tayari umeugusa ukingo, na soketi nyingi zimeandikwa pembeni kwamba mwisho wake ni wati 120.

Hapa ndipo hujitokeza ubishi unaosikika kila gereji: weka ya 20 au 30, tatizo limekwisha. Wanaosema hivyo wana ushahidi wao, kwa kuwa gari kweli huchaji na hukaa miezi. Lakini tazama fyuzi inamlinda nani. Chaja nyingi zina fyuzi zao. Fyuzi ya kisandukuni imechaguliwa kwa unene wa waya unaotoka hapo kwenda kwenye soketi, na waya huo haukubadilishwa ulipobadilisha fyuzi. Joto ndani ya waya hupanda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ukiweka 30 mahali pa 15 umeruhusu waya uleule upate joto mara nne ya ule mwisho aliouwekea mtengenezaji, na sehemu dhaifu ya kwanza kuungua haitakuwa tena kijiti cha fyuzi kinachobadilishwa kwa dakika moja. Miezi ile ya salama inathibitisha tu kwamba shoti haijarudi bado. Karatasi ya fedha ya sigara na uzi wa waya vilivyosokotwa mahali pa fyuzi ni jambo hilohilo likiwa halina hata namba.

Ubishi wa pili una uzito zaidi: si fyuzi zenyewe za siku hizi ni feki? Zipo, na nyingine hukaa bila kukatika hata mkondo unapozidi sana namba iliyoandikwa, na kwa macho huwezi kuzitambua kwa uhakika. Jibu lake ni kutotafuta shoti kwa kuunguza fyuzi moja baada ya nyingine. Tumia balbu. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunganishe nyaya mbili zenye ncha bapa, uzichomeke mahali fyuzi ilipokuwa, ufunguo ACC, soketi ikiwa tupu na redio imezimwa. Kama waya una shoti, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, na haiwezi kupitisha zaidi ya ampea mbili hivi, kwa hiyo waya uko salama huku unatafuta. Sasa tikisa waya, chomoa kimoja baada ya kingine ulichoongeza kwenye gari, na balbu ikizima ghafla umeliona jeraha. Mwanga hafifu si shoti; ni kifaa kingine kinachokunywa kidogo kwenye njia hiyohiyo.

Shoti hujificha wapi? Kwanza ndani ya soketi yenyewe, hasa zile zilizo karibu na mahali madereva wanapotupia chenji. Sarafu ya shilingi hamsini au mia ikiangukia humo inalala kati ya pini na ukuta. Vivyo hivyo kofia ya chaja iliyofunguka na karatasi ya fedha ya pipi. Mulika kwa tochi ukiwa umeshachomoa fyuzi, kisha toa kwa kibano. Utakuta mara nyingine doa jeusi kwenye kitako kama kipele kilichoungua, na pini imezama au imepinda. Hiyo soketi imekufa kweli, na hapo tu ndipo inunuliwe nyingine. Pili, kwenye nyongeza. Alamu, kifaa cha GPS, kamera ya dashibodi, taa za kupamba: vyote hutafuta umeme wa ACC, na waya wa soketi ndio ulio karibu na rahisi kuuchuna. Muungo uliosokotwa kwa vidole na kufungwa gundi ya plastiki huachia kwa joto la gari lililoegeshwa juani mchana kutwa, gundi inateleza, shaba inabaki uchi. Kabla ya kulaumu gari la mwaka wowote, uliza mwenye gari nini kilifungwa humo na lini.

Kupima kwa mita

Fyuzi ikiwa nzima na soketi safi, ndipo mita inatoka. Ile mita ndogo ya njano ya DT830 inatosha. Mswaki mwekundu, yaani waya wa kupimia, uwe kwenye tundu lililoandikwa V, kamwe usiwe kwenye 10A; ukipimia volti ukiwa kwenye 10A umegeuza mita kuwa kipande cha waya, na umetengeneza shoti kwa mkono wako.

1. Weka kitufe kwenye DCV 20. Pima betri, gari limezimwa. Karibu 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 12 tatizo lako linaanzia hapo. Gari la volti 24 lipimwe kwenye DCV 200.
2. Washa gari, pima tena betri. Tarajia kati ya 13.5 na 14.5. Zima.
3. Weka ufunguo ACC. Kwenye gari la kitufe, bonyeza mara moja bila kukanyaga breki. Gusa vile vitobo viwili vya chuma mgongoni mwa fyuzi, kimoja kimoja, mswaki mweusi ukiwa kwenye bati tupu la bodi. Vyote vina umeme: fyuzi nzima. Kimoja tu: imekatika. Hakuna hata kimoja: umeme haufiki kisandukuni, mtuhumiwa ni rilei, swichi ya ufunguo au fyuzi kubwa.
4. Kwenye soketi, mwekundu kwenye pini ya katikati, mweusi kwenye ukuta wa ndani. Usiruhusu ncha ya mwekundu iguse ukuta pia.
5. Ukipata sifuri, acha mwekundu palepale, hamisha mweusi kwenye bati tupu la bodi. Sasa ikisoma 12, chanya ni nzima, ethi ndiyo iliyokatika. Ikibaki sifuri, waya wa moto umekatika kati ya fyuzi na soketi.
6. Ukipata 12 kwenye hatua ya 4 na bado haichaji, usishangilie. Soma aya inayofuata.

Mita haivuti mkondo wowote wa maana, na hilo ndilo linalowapoteza wengi, mafundi wakiwemo. Muungo uliooza ukabaki umeshikwa na unywele mmoja wa shaba utaionyesha mita volti 12 kamili, kama vile Msimbazi saa kumi alfajiri inavyoonekana wazi hata kama njia tatu zimefungwa na vifusi. Subiri magari yaingie ndipo utajua. Soketi ipimwe ikiwa na mzigo. Tafuta plagi ya chaja iliyokufa, itoe nyaya mbili, funga kwenye balbu ya wati 21, ambayo itavuta kama ampea 1.75. Ichomeke, kisha pima volti zinazobaki kwenye miguu ya balbu, ulinganishe na za kwenye betri wakati huohuo. Tofauti ya nusu volti hivi inavumilika. Ikiwa betri ina 12.4 na balbu inapata 7, volti zaidi ya tano zimepotelea njiani na zimegeuka joto mahali fulani. Ili ujue ni upande gani, balbu ikiendelea kuwaka, weka mswaki mweusi kwenye hasi ya betri na mwekundu kwenye ukuta wa soketi. Hapo panatakiwa pasomeke karibu na sifuri. Ukiona volti tatu au nne, ethi ndiyo inayokula: fungua boliti yake, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Ukiona sifuri, hasara iko upande wa waya wa moto, na mahali pa kuanzia ni miguu ya fyuzi na plagi iliyo mgongoni mwa soketi, ambayo ikiwa imeungua hubadilika rangi kuelekea kahawia.

Utasikia kwamba yote haya ni kazi ya fundi, na kwamba mtu mwenye haraka hana nafasi ya balbu na mita. Kweli, kuvua dashibodi na kufuata waya ni kazi ya fundi, na mwenye gari asijitie ufundi. Lakini fundi naye huanza na kile anachoambiwa. Ukimwambia soketi mbovu, atabadilisha soketi. Ukimwambia pini ina 12.4 bila mzigo, balbu ikiwashwa inashuka hadi 7, na ethi inasoma sifuri, umemwondolea ramli yote na umemnyima pia nafasi ya kukuuzia kisichohitajika.

Magari yasiyofuata hesabu hii

Coaster na Rosa nyingi za daladala, pamoja na malori ya Fuso, zina betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24. Kila namba ya volti hapo juu izidishe kwa mbili, tumia balbu ya volti 24, na soma chaja: iliyoandikwa 12V pekee itaungua ikichomekwa humo, iliyoandikwa 12-24V itakubali. Kwenye bajaji, soketi ya kuchajia kwa kawaida imefungwa baadaye na fundi; angalia kama kuna fyuzi yoyote kwenye waya wake karibu na betri, na kama hakuna, hilo ndilo tengenezo la kwanza, hata kama inachaji vizuri.

Ukienda dukani

Sasa unajua unachotafuta. Chukua ulichovua ukilinganishe kwa kukishika, siyo kwa jina la gari, kwa kuwa plagi ya mgongoni hutofautiana hata ndani ya aina moja.

☐ Fyuzi: namba ileile iliyoandikwa kwenye mfuniko, na ununue mbili, moja ibaki kisandukuni.
☐ Soketi: ukuta uwe mgumu, pini irudi ukiibonyeza, plagi iingie bila kulazimishwa.
☐ Chaja: mabawa ya pembeni yawe na springi yenye nguvu, kofia ya mbele isizunguke kwa kidole.
☐ Inveta au pampu: iandikwe wati ngapi. Zaidi ya 120, iungwe kwenye betri kwa waya wake na fyuzi yake.

Ukishafunga, acha ile balbu iwake dakika kumi gari likiwa linaunguruma, ukiwa umeiweka mbali na kiti na zulia kwa sababu kioo chake huwa moto sana. Kisha shika plagi, halafu shika mgongo wa fyuzi. Vuguvugu ni sawa. Kama kimojawapo kinakufanya uondoe kidole, bado kuna mahali hapajakaza vizuri. Zima, na uirudie hesabu ya balbu na betri.